Vidonge Viwili na Shingo za Kisimani

Wewe unayesoma hapa, uliwahi kupita mtaa wa Kisimani, Tandika, mwaka wa tisini na nne. Usiseme hukupita. Ulikuwa unakwenda kununua mafuta ya taa, au kuchukua suruali kwa fundi, na upande wako wa kulia kulikuwa na kibaraza cha saruji kilichopasuka katikati. Juu ya kibaraza alikaa mwanamke na ungo wa mchele mapajani. Mkono wake ulikuwa ndani ya mchele na haukuwa unachagua kitu. Ulimwona. Kisha ukageuza uso kushoto, ukaitazama mashine ya kusaga kana kwamba hujawahi kuona unga tangu uzaliwe. Ulidhani hakuna aliyekuona ukigeuka. Ulionekana.

Mwanamke yule aliitwa Mwamvita binti Marijani. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na nyumba ile ilijengwa na babu yake wakati Tandika bado ni mikorosho. Zamani hakuhitaji kutambulishwa kwa mtu, maana sauti yake ilitangulia. Kigelegele cha Mwamvita kilianza chini, kikapanda, kikakata, kikapanda tena pale mtu alipodhani pumzi zimekwisha. Harusi ikiwa Mtoni, watu wa Tandika walijua bi harusi ametolewa nje. Hakulipwa kwa kazi hiyo. Alikuwa anafurahi, basi.

Mwaka wa themanini na tisa furaha ilianza kumhama. Haikutoka siku moja. Ilitoka kama mpangaji mwenye adabu anayehamisha kitu kimoja kimoja ili mwenye nyumba asishtuke. Kwanza ilitoka tangawizi kwenye chai. Wiki zilizofuata asumini za kitandani zikabaki maua tu. Halafu ikatoka ile adhana ya alfajiri iliyokuwa ikimfanya atabasamu gizani bila sababu. Mwisho ikafika kwa Nusaiba, mwanawe wa pekee. Nusaiba alipokuja na cheti cha ushonaji, Mwamvita alikitazama kama mtu anavyotazama bili ya maji ya nyumba ya jirani.

Hakuwa analia. Angelia, watu wangemwelewa. Aliamka, akafagia, akapika, akaketi. Mumewe alivumilia miaka miwili, kisha akahamia Pugu kwa mke mdogo, akisema hawezi kuishi na mtu anayetazama ukuta. Mtaa nao ulikuwa na majina yake. Wengine walisema ana mawazo, wengine pepo, wengine kiburi, na wale walioachishwa kazi viwandani mwaka ule walisema wao ndio wenye haki ya kununa, yeye nani kamfukuza?

Ieleweke kwamba watu wa Kisimani si wabahili wa kutazama wagonjwa. Mtu akiwekewa dripu mchana, jioni hapati nafasi ya kunyoosha miguu kwa wingi wa wageni, na machungwa yanajaa mpaka yanagawiwa watoto. Mtu akivunjika mguu, kina mama wanapangana zamu ya uji. Kwa Mwamvita, miaka mitano, halikufika chungwa moja. "Yule haumwi kitu," walisema. "Anakula, anatembea, hana hata plasta." Mgonjwa wa Kisimani lazima awe na kitu cha kuonyesha.

Mwezi wa kwanza mwaka huo wa tisini na nne Nusaiba alichumbiwa, harusi ikapangwa Jumamosi ya tarehe kumi na saba Desemba. Usiku wa posa aliketi miguuni kwa mama yake.

"Mama, mie sitaki sofa wala kabati. Nataka kitu kimoja."

"Sema."

"Siku ile ufurahi. Siyo kujifanya. Mie nakujuaga ukijifanya, unakazaga shavu la huku."

Mwamvita aligusa shavu la huku. "Nitatafuta," alisema, kama mtu aliyetumwa sokoni.

Ndipo wakaanza kwenda kliniki ya akili, ya kila Alhamisi. Hospitali yenyewe haitatajwa, kwa sababu ukisikia jina utasema tatizo ni hospitali ile. Kliniki ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya majeneza, na ndani yake alikuwamo mganga msaidizi mmoja kutoka Bukoba, Theonest, ambaye watu walimwita daktari na yeye alikuwa amechoka kukataa. Karatasi za hospitali zilikwisha tangu huduma zianze kuchangiwa, kwa hiyo kila mgonjwa alikuja na daftari lake la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. La Mwamvita lilikuwa la Nusaiba la darasa la sita. Kurasa tatu za mwanzo zilikuwa na majina ya mito ya Tanzania.

"Unasikiaje, mama?" aliuliza Theonest.

"Nimekuwa kama mtu aliyealikwa karamu, akawekewa sinia lenye picha ya wali. Wenzangu wanakula. Mie naiona picha nzuri kabisa."

Theonest aliandika maneno hayo chini ya Mto Rufiji, neno kwa neno. Hakuwahi kuambiwa vizuri hivyo.

Alimwanzishia kidonge cha njano. Kwa kidonge cha njano Mwamvita alilala usiku mzima, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka mitatu, lakini mdomo ulimkauka kama mtu anayetafuna majivu, na sinia likabaki picha. Mwezi wa tatu wakajaribu cha bluu. Cha bluu kilimtetemesha mikono, ungo ukawa unapepeta wenyewe mapajani, na Nusaiba akasema angalau sasa mchele unachaguliwa. Wakakiacha. Mwezi wa tano kikaja cha kahawia. Hiki kiliondoa uzito wa asubuhi, ule unaomfanya mtu akae na kiatu kimoja mkononi mpaka saa nne, lakini hakikurudisha kitu kingine.

"Kuna kuzama, na kuna kukosa utamu," Theonest alimweleza. "Kuzama tumeanza kukutoa. Utamu umejificha, tutautafuta. Usinichoke."

"Nitakuchokaje? Wewe ndiye mtu pekee anayeniuliza."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa kliniki, ndipo shingo zikaanza mtaani.

Wa kwanza alikuwa Bi Rukaiya, jirani wa nyumba ya mbele. Jumanne tarehe saba Juni, saa moja asubuhi, alipita na ndoo ya maji kichwani, akamwona Mwamvita kibarazani, akageuza uso kushoto ili asilazimike kusimama na kuuliza hali. Alipofika kwake akataka kutazama mbele, shingo ikakataa. Alitua ndoo, akajisugua mafuta ya nazi, akapika chai akiwa ameitazama sufuria kwa pembe ya jicho. Hakuona ajabu sana. Alidhani amelala vibaya.

Kesho yake walikuwa watano. Ijumaa wakawa kumi na mmoja. Wale waliogeuka asubuhi wakienda barabarani walibaki wametazama kushoto, na wale waliogeuka jioni wakirudi walibaki wametazama kulia, kwa hiyo kwenye nyumba nyingi mume aliangalia upande mmoja na mke mwingine, na wengi walisema ndoa zao hazikubadilika. Mwisho wa mwezi walikuwa watu arobaini na watatu. Waendesha baiskeli waligongana na nguzo ya umeme mpaka ikafungwa godoro. Msikitini lililetwa swali kama swala inasihi uso ukiwa umeelekea mashine ya kusaga. Sheikh alijibu kwamba kifua kikielekea kibla yatosha, na alijibu huku ametazama dirishani.

Mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Khalfani, aliandika barua. Alikuwa mtu wa barua tangu enzi za foleni za sukari, na alikuwa na mhuri. Aliandika kwamba wananchi wake wamepatwa na shingo na wanaomba kutazamwa. Miaka miwili kabla ya hapo Nusaiba alimwendea mzee huyo huyo, akamwomba aandike barua kuhusu mama yake. Alimjibu, "Mwanangu, nitaandika nini? Serikali itaniuliza anaumwa wapi." Kwa shingo palikuwa na mahali pa kuonyesha, na aliichora kabisa pembeni ya barua.

Gari lilifika siku ya tisa baada ya barua. Hesabu mwenyewe: miaka mitano, siku tisa. Lilikuwa gari jeupe lenye vioo vyeusi na spika mbili juu, na kutoka ndani yake walishuka wataalamu wanne wenye kifaa cha kupimia shingo imegeuka kiasi gani. Mzee Khalfani alipimwa nyuzi themanini na mbili, akafurahi kwamba ameshinda wote. Watu waligawiwa dawa ya kuchua, kopo zima kwa kila shingo, bure, na kola ya sponji, na fulana yenye picha ya twiga. Ukafunguliwa Mradi wa Shingo, kwa msaada wa wafadhili, na ofisi yake ikapangwa kwenye nyumba yenye vigae upande wa barabarani. Kina mama walihudhuria semina ya siku tatu yenye soda na posho. Mratibu alikuwa Bwana Revelian, kijana mstaarabu mwenye kalamu mbili mfukoni. Shingo yake ilikuwa imenyooka, kwa sababu yeye alipita Kisimani ndani ya vioo vyeusi.

Dawa ya kuchua ilinukia karafuu. Haikugeuza shingo hata moja.

Mwezi huo wa saba Theonest aliongeza kidonge cha pili juu ya cha kahawia, kidonge kikubwa cheupe, ambacho kilitaka damu ipimwe kila mwezi ili kisimdhuru. Alimwambia ale cheupe asubuhi na jioni, na cha kahawia usiku. "Vyote viwili," alisema, na akapiga mstari chini ya neno vyote daftarini. "Kwako wewe kimoja peke yake hakifiki."

Siku ya kumi na tisa ya kula vyote viwili Mwamvita alikuwa anakunywa chai, akakitua kikombe.

"Hii chai ina tangawizi."

"Ina tangawizi tangu mwaka themanini na tisa, mama," alisema Nusaiba. "Mie ndo naitwanga."

Alikunywa vikombe vitatu. Wiki ile ile alimcheka mbuzi wa Mzee Khalfani aliyekula fulana ya Mradi akamwacha twiga. Lilikuwa cheko fupi, lenye kutu, na Nusaiba aliyekuwa anakata kitambaa alisimamisha mkasi na hakuinua uso, asije akalitisha likakimbia. Jumapili Mwamvita alimwita mwanawe aje asikilize mvua juu ya bati, wakaisikiliza wote wawili. Kwenye daftari Theonest aliandika tarehe na neno moja: Imepatikana. Alirudi nyumbani kwake kwa miguu siku ile, ingawa ni mbali, kwa kuwa hakutaka kubanana na watu akiwa na furaha.

Mwezi wa tisa Mwamvita alisimama kwenye dirisha la dawa. Ndani alikuwa nesi Apolonia, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa dawa zilizopo na kutukaniwa mama yake kwa zisizokuwepo.

"Cheupe kipo," alisema Apolonia. "Cha kahawia kimekwisha."

"Kitakuja lini?"

"Kitakuja."

Cha kahawia kilikuja mwezi wa kumi, na siku kilipokuja cheupe kilikuwa kimekwisha. Wiki mbili baadaye cheupe kilikuja, na cha kahawia kikaondoka. Apolonia mwenyewe alisema anadhani vidonge vile vimegombana na haviwezi kukaa rafu moja. Maduka ya dawa baridi ya Tandika yaliuza za mafua na minyoo. Duka moja la mjini, lililofunguliwa biashara ziliporuhusiwa, lilikuwa na vyote viwili kwenye kabati la kioo, vimepangwa pamoja kama maharusi, na kwa bei ya dozi moja Nusaiba angeuza cherehani. Aliitoa cherehani nje. Mama yake akairudisha ndani.

"Ukiuza hiyo mwezi huu, mwezi ujao utauza nini? Mguu?"

Siku ya sita bila cha kahawia, tangawizi ilitoka kwenye chai. Siku ya tisa mvua ikawa kelele. Mwamvita alijua kila kitu kinavyoondoka, safari hii kwa majina, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko mara ya kwanza.

Theonest alivaa shati lake jeupe akaenda ofisi ya Mradi wa Shingo. Nyuma ya meza ya Bwana Revelian palikuwa na katoni za dawa ya kuchua kutoka sakafuni hadi darini.

"Naomba katoni mbili tu za vidonge," alisema Theonest. "Moja ya kahawia, moja nyeupe. Nina wagonjwa thelathini na moja. Mmoja nimempatia mchanganyiko wake kabisa, miezi saba nimeutafuta, na sasa napewa nusu yake."

"Daktari, nakuelewa. Lakini hizi ni fedha za shingo."

"Kichwa kiko juu ya shingo."

"Kimaumbile, ndiyo," alikubali Bwana Revelian, na aliandika kwa sababu alikuwa msikivu. "Kwenye kasma ya bajeti hakimo. Leta andiko. Mwakani tunaweza kuangalia."

"Binti yake anaolewa Desemba."

"Hongera zake," alisema Bwana Revelian, kwa moyo safi.

Mwezi wa kumi na moja Bi Rukaiya alihitaji mbuzi ya nazi. Ya kwake ilikuwa imevunjika jino, na ya karibu ilikuwa kwa Mwamvita. Aliingia uani kinyumenyume, kwa kuwa shingo yake ilimtaka aingie hivyo, akamkuta Mwamvita ameikalia hiyo mbuzi, anakuna nazi mbili. Ilibidi asubiri. Mtu hawezi kusubiri nazi mbili kimya kwenye ua wa mwenzake, kwa hiyo Bi Rukaiya akauliza, ili mradi tu.

"Ati shoga, hasa hasa unaumwa nini?"

Mwamvita alimwambia. Alisema taratibu, kwa mwendo wa kukuna, habari ya tangawizi na adhana na kiatu kimoja mkononi, na sinia la picha, na vile vidonge viwili. Alisema kwamba anajua anampenda Nusaiba kama anavyojua jina la mtaa wake, lakini hausikii upendo huo, na kwamba hilo ndilo hasa linalomuuma. Bi Rukaiya kwanza alisikiliza akitazama banda la kuku. Kufikia nusu ya nazi ya pili alisahau mbuzi. Akataka kumwona msemaji usoni. Shingo ikageuka, ikatoa mlio kama komeo la mlango linapofunguliwa, na akamwona, kwa mara ya kwanza tangu themanini na tisa.

"Umekonda, shoga," alisema.

"Nimekonda tangu zamani. Mbuzi hii hapa."

Bi Rukaiya alipotoka nje uso mbele, mtaa ulimzunguka, na kabla ya adhuhuri gari jeupe likaja na mpiga picha. Wakamuuliza amepona kwa nini. Alishika kopo la dawa ya kuchua, kwa kuwa alikuwa amelisainia. Akasema ni hili. Jioni Nusaiba alimfuata.

"Bi Rukaiya, shikamoo. Si kweli ulivyosema."

"Marahaba mwanangu. Najua si kweli." Alikuwa anatia chumvi mchuzini, na sasa aliiona sufuria vizuri. "Nikisema nimepona kwa kumtazama mama yako, wataniuliza miaka mitano nilikuwa natazama wapi."

Picha yake ilitolewa kwenye ripoti ya Mradi, ukurasa wa kwanza. Mradi ukaongezewa miaka mitatu. Lakini kesho yake tu baada ya kupona, asubuhi, Bi Rukaiya alipita na ndoo kichwani mbele ya kibaraza, akaona haya, akageuza uso. Shingo ikakaa palepale ilipokuwa imezoea.

Siku ishirini kabla ya harusi Theonest alimpa Mwamvita vidonge vyote alivyovipata kwa kubembeleza hospitali tatu. Vyeupe vilikuwa vya mwezi mzima. Vya kahawia vilikuwa vinne. Waliviweka mezani wakavitazama.

"Nikivila siku nne za mwisho?" aliuliza Mwamvita.

"Havitaamka. Vinataka wiki mbili, tatu, unajua mwenyewe."

"Najua. Nimeuliza tu, tusije tukasema hatukuuliza."

Harusi ilifika. Turubai lilifungwa kutoka nyumba hadi nyumba, udi ukafukizwa, pilau ikaiva kwa kina Bi Rukaiya. Wanawake walijaa mikekani na kanga mpya, shingo zao kushoto na kulia, na kola zao zikiwa zimekaa vizuri, kwa kuwa Nusaiba alikuwa amebuni kola ya mshazari inayofuata shingo iliyogeuka, akaushonea mtaa mzima. Nikaha ilisomwa msikitini. Baba yake alikuja kutoka Pugu akamwozesha, akasimama nje ya ua, akatazama ukuta.

Kisha ukaja wakati wa kumtoa bi harusi. Kwa watu wa ukoo ule kigelegele cha kwanza ni cha mama. Kabla mama hajatoa, hakuna mwanamke anayefungua mdomo, hata bibi. Na bi harusi hainui macho. Akiinua, watu watasema mwaka mzima. Nusaiba alitolewa na hina mpaka viwikoni, kope chini, akakalishwa. Wanawake sabini walimsubiri Mwamvita, kila mmoja ametazama kwingine.

Mwamvita alisimama. Alimwona mwanawe, akaona amependeza, akaona kila ushanga. Picha ilikuwa nzuri kabisa. Alifungua mdomo. Ikatoka pumzi. Alijaribu tena, ikatoka pumzi. Angeweza kujifanya; koo lake lilikuwa linajua njia. Lakini alikumbuka shavu la huku, akaufunga mdomo wake kwa heshima ya mtu aliyeombwa asidanganye.

Bi harusi aliinua macho. Alimtazama mama yake usoni, moja kwa moja, mbele ya ukoo mzima, akaona shavu halikukazwa. Akafungua mdomo na akajipigia kigelegele mwenyewe. Kilianza chini, kikapanda, kikakata, kikapanda tena pale watu walipodhani pumzi zimekwisha. Watu wa Mtoni walijua bi harusi ametolewa. Wanawake wakakipokea, wakakipeleka mpaka reli, na hakuna aliyegeuza shingo kuona kwa nini kimeanzia pale.

Baadaye, wageni wakiwa kwenye sahani, Mwamvita alikaa karibu na mwanawe akamrekebishia ushungi.

"Umekipiga vizuri. Nimekisikia kwa nje tu, mwanangu. Ndani hakijafika."

"Najua, mama."

"Niwekee. Siku vitakapokaa viwili dirishani, uje unipigie tena. Nitakisikia chote."

"Nakuwekea," alisema Nusaiba, akainamisha macho kama inavyotakiwa.

Bado amekiweka. Kisimani watu wamezoea. Mafundi wanajenga nyumba zenye mlango ubavuni, na watoto waliozaliwa pale wanajifunza kupungia mkono upande wasioutazama. Mradi uko awamu ya pili. Dawa ya kuchua imekuwa nyingi mpaka imepelekwa hospitali, ikapangwa kwenye rafu ya Apolonia, mahali palipokuwa pa vidonge vya kahawia. Daftari la Mwamvita limejaa mpaka jedwali la kuzidisha, na neno Imepatikana bado limo, limepigiwa mstari. Dawa inajulikana. Mtu wa kuiandika yupo. Mgonjwa yupo kibarazani, ungo mapajani.

Papasa shingo yako. Sema umeitazama hadithi hii kwa upande gani.

Sasa inuka. Chukua chungwa moja, panda kile kibaraza kilichopasuka, kaa, uliza anaumwa nini, na usinyanyuke mpaka amalize. Kisha Alhamisi saa mbili asubuhi usimame naye dirishani, wewe na mjumbe wako na mhuri wake, mtaje vidonge vyote viwili kwa sauti. Mkipewa kimoja, msiondoke. Jazeni ukumbi, zibeni mlango, mpaka kile cha pili kitoke huko kilikofichwa. Usiniambie mwakani. Yuko kulia kwako. Geuka.